Kitenzi "Zoea": Umbo na Maana Zake

Zoea ni kitenzi kilichopotewa na konsonanti. Ushahidi wa jambo hili tunaupata kwa ndugu yake lea, ambacho Wagikuyu hukitamka rera kwa maana ile ile ya kumkuza mtoto. Sauti iliyotoweka kwetu ingali hai kwao. Katika Kiswahili chenyewe sauti hiyo hurudi kitenzi kinaponyambuliwa: lea, lelewa, pokea, pokelewa, zoea, zoeleka. Mbele ya irabu i iligeuka kuwa z, ndipo tukawa na malezi, mapokezi na, inaelekea, mazoezi. Wale wanaoona kuwa mazoezi hayana budi kutokana na zoeza wanaongozwa na maana, umbo haliwalazimishi.

Kuhusu tahajia, wengi wa pwani, hasa washairi, wameandika zowea, na masikio yanawaunga mkono. Usanifishaji ulioendeshwa na Kamati ya Lugha, iliyoundwa mwaka 1930, ulilipa umbo zoea nafasi ya kwanza, na ndilo lililoshika shuleni.

Lakini utajiri wa neno hili umo katika matumizi. Mathalani, "nimezoea baridi" yaeleza hali iliyokwisha kutulia, ilhali "ninazoea" ni mtu angali njiani. Anayefundisha njeo bila kuonyesha tofauti hiyo amefundisha nusu ya neno. Tena, kitenzi hiki kikipewa mtendwa aliye binadamu, hubeba shubiri ndani ya asali. "Nimemzoea" ni upendo. "Amenizoea" yaweza kuwa malalamiko, yaani heshima imepungua kwa ajili ya ukaribu. Mzee amwambiapo kijana "usinizoee" hakatazi urafiki, bali anarudisha mpaka uliovukwa. Ndiyo sababu watu husema "mazoea yana taabu", na mgeni aliyejifunza maana ya kwanza pekee hushangaa taabu hiyo yatoka wapi.

Siku hizi uzoefu umetwishwa mzigo mwingine, hasa katika matangazo ya kazi, ambako husimama mahali pa maarifa aliyoyapata mtu kwa kutenda. Wapo wanaopendelea tajriba, na hoja yao si ya kupuuzwa: karani aweza kuzoea ofisi kwa miaka 20 asijifunze kitu. Hata hivyo uzoefu umekwisha kuenea mno, na tajriba imebaki zaidi katika maandishi ya wanazuoni.