Mti Unaozama

Vitabu vya shule huanza somo la kuelea na kuzama kwa Archimedes na birika lake la kuogea kule Syracuse. Mimi nafundisha fizikia hapa Lamu, na huanza kwa kipande kibichi cha mkoko. Nakitia ndani ya ndoo ya maji ya bahari, kinakwenda chini moja kwa moja. Darasa hubisha, maana wameshaambiwa kwamba mti huelea.

Mti hauelei, hewa ndiyo inayoelea. Ukiitoa hewa yote, kilichobaki cha mti wowote, uwe mwembe au mkoko, ni kizito mara moja na nusu kuliko maji. Mkoko umeshikamana, na vitundu vyake vikiwa vibichi vimejaa maji. Jirani yake mlilana ana mizizi ya kupumulia iliyo myepesi hata wavuvi huichonga maboya ya nyavu.

Uzito wa mkoko ndio uliopanga biashara ya boriti, yaani miti yake ya kujengea. Nchi nyingine magogo hufungwa pamoja, mto ukayachukua hadi bandarini. Boriti mbichi haikubali. Hukatwa kwenye tope, ikabebwa mabegani, ikapakiwa mtumbwini au mashuani, ndipo ifike ubavuni mwa jahazi. Iliuzwa kwa korja, ishirini ishirini: pau nyembamba, mazio, boriti, kisha nguzo. Wanunuzi walikuwa Oman, Bahrain na Kuwait, ambako miti ya kuezekea dari ni adimu. Majahazi yalishuka na kaskazi yakiwa na tende, yakapanda na kusi yakiwa na boriti.

Alan Villiers, baharia wa Australia, alisafiri mwaka 1938 na 1939 katika jahazi la Kuwait la nahodha Ali bin Nasr al-Najdi, nao wakapakia boriti kwenye delta ya Rufiji. Hapo mwalimu wa fizikia hupata raha yake. Mita moja ya ujazo ya maji ya bahari ina kilo 1,025 hivi, ya mto 1,000. Chombo cha tani 200 pamoja na shehena husukuma mita 200 za ujazo za maji ya mto, lakini 195 tu za bahari. Kwa hiyo kikitoka mtoni huinuka kidogo. Deltani maji huchanganyika, na tofauti hupungua, ila nahodha anayevuka fungu la mchanga hudai kila inchi.

Lililonishangaza zaidi ni hatari ya shehena hiyo. Merikebu za Ulaya zilizobeba mbao za msonobari ziliweza kujaa maji zikabaki zikielea kwa shehena yao yenyewe. Jahazi la boriti mbichi halina bahati hiyo. Likijaa, shehena hulivuta chini, kwa sababu kilicholishikilia ni ile nafasi ya hewa tumboni tu. Ndiyo maana mabaharia walifua maji ya ngamani usiku na mchana, wala si kwa kupenda usafi.

Kenya ilipiga marufuku kuuza boriti nje mwaka 1982. Wakati huo Ghuba, kwa fedha za mafuta, ilikuwa imeshahamia kwenye saruji na nondo, ambazo huzama kuliko mkoko na zilifika kwa meli zilizoundwa kwa chuma kilekile.