Dhahabu na Vitu Visivyo Dhahabu Katika Pambo Moja

Mtu akaaye Musienene, kusini ya Butembo katika njia iendayo Lubero, hukaa jirani na dhahabu tangu zama za Wabelgiji, kampuni ya MGL iliposhika machimbo ya nchi hii, na zaidi tangu mwaka 1982, serikali ya Zaire ilipowaruhusu raia kuchimba. Walakini dhahabu hiyo aghalabu hupita kwetu ingali vumbi, ikavuka mpaka wa Uganda na kuishia Dubai, na kwa hiyo tarehe ya mapambo yetu haikuanza kwayo, bali ilianza kwa vitu ambavyo mfanyabiashara wa leo hangevitia katika mizani.

Chimbuko la kale kabisa la ustadi huu naliona Ishango, pale mto Semliki utokapo katika Ziwa Edward. Huko, mwaka 1950, mtaalamu wa Kibelgiji Jean de Heinzelin alifukua kipande cha mfupa, urefu wake kadiri ya sentimita 10, umri wake ukikisiwa kuwa miaka 20,000 hivi, nacho leo kimehifadhiwa Brussels. Wataalamu wamejadiliana mno juu ya alama zilizochanjwa ubavuni mwake, wengine wakizidhania kuwa hesabu; nami, bila kuikanusha hoja yao, huvutwa zaidi na ncha yake, kwa maana hapo imepachikwa chembe ya jiwe gumu la kwatzi. Kile kilikuwa zana, si pambo. Lakini aliyekitengeneza alijua kutoboa mfupa, kulipima jiwe, na kulikaza lisitoke, na elimu hiyo ndiyo ya sonara atiaye johari katika pete.

Katika karne ya 19, magharibi ya Ziwa Kivu, Watembo walisuka butega, vikuku vya nyuzi za mimea vilivyovaliwa miguuni, vikachukuliwa hata kisiwa cha Ijwi na Rwanda, na kupokewa katika malipo kama sarafu. Hapakuwa na chembe ya madini ndani yake. Thamani yote ilitoka mkononi mwa msusi.

Huko pwani mambo yalichanganyika zaidi. Masonara waliyeyusha reale za Maria Theresa, zenye kuandikwa mwaka 1780, wakazifua kuwa mikufu na vikuku. Wanawake walivaa majasi ya dhahabu masikioni, na asiyeyamudu alivaa ya karatasi za rangi zilizokunjwa kwa ustadi. Hata sasa masonara wa Lamu hutwaa vigae vya kaure ya Kichina, mabaki ya vyombo vilivyovunjika, wakavisugua kingo na kuvizungushia fedha, hata kigae kilichotupwa kikawa jicho la pete. Sijui kazi nyingine ya pwani inayonipendeza kuliko hiyo.

Ulaya ilichelewa kukubali jambo hili. René Lalique alikwisha kuchanganya pembe za wanyama, kioo na dhahabu mwanzoni mwa karne ya 20, lakini aliyesema kwa ukali kuliko wote ni Otto Künzli, Mswisi, ambaye mwaka 1980 alitengeneza bangili ya mpira mweusi, akaficha ndani yake tufe la dhahabu, lisionekane ila kwa uvimbe, akaipa jina lenye maana kwamba dhahabu hupofusha. Mkongo aitazamaye bangili hiyo hawezi kuusahau mpira wenyewe, uliotozwa kwa damu katika Dola Huru ya Leopold, kati ya 1885 na 1908; kwake yeye vitu vyote viwili, kifichacho na kifichwacho, vimetoka katika ardhi yake.

Wala asiseme mtu kuwa sanaa hii ni ya Wazungu peke yao. Mwaka 1972, Nairobi, Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais wa Kenya, pamoja na Mmarekani Alan Donovan, walianzisha African Heritage, na mapambo ya humo yakaunganisha shanga, kaharabu, mfupa, pembe na fedha, yakauzwa ng'ambo kwa heshima kamili. Butembo ina wafuaji, ina wasusi wa vikapu, ina mifupa na pembe za ng'ombe wachinjwao kila siku sokoni, na ina dhahabu. Kilichosalia ni meza moja ambapo sonara na msusi watakaa pamoja, na mnunuzi wa hapa hapa atakayelipia kazi yao kabla haijapelekwa Kampala.