Maandiko ya Kale ya Wapiga Udi

Udi upigwao Unguja una ndugu yake wa Ulaya. Watu wa huko waliupokea kutoka kwa Waarabu zamani sana pamoja na jina lake, wakafunga nyuzi za utumbo kuizunguka shingo yake, ziwe alama za vidole.

Mwaka 1507, mjini Venice, Ottaviano Petrucci alipiga chapa vitabu vya Francesco Spinacino, vya kwanza vya udi tulivyo navyo. Ndani yake hamna noti. Mna mistari sita, mfano wa nyuzi, na juu yake tarakimu: 0 maana yake piga uzi mtupu, 1 bana penye alama ya kwanza, hata kuendelea. Wafaransa na Waingereza walitumia herufi, a kwa uzi mtupu, b kwa alama ya kwanza. Tena Waitalia waliweka uzi mnene juu kabisa, Wafaransa chini. Basi asiyejua huusoma utungo kichwa chini.

Maandiko haya si kama d, r, m za waimbaji wetu, zitajazo sauti. Haya humwonyesha mtu pa kuweka kidole na wakati wa kupiga, wala hayasemi sauti idumu hata lini. Kwa hiyo mtu wa siku hizi ayageuzapo kuwa noti, hana budi kuamua mwenyewe: sauti hii nene yaendelea, au imekoma? Akisha kuamua, noti zake husimama kana kwamba mtungaji ndiye aliyeziandika. Hapo ndipo penye hatari.

Walakini kitabu cha kale nacho chaweza kudanganya. Mwaka 1596 William Barley alitoa mjini London kitabu chenye tungo za John Dowland. Mwaka uliofuata Dowland alilalamika katika dibaji yake kwamba tungo zake zimepigwa chapa pasipo yeye kujua, tena kwa makosa. Na katika vitabu vya mkono, herufi c mara nyingi hufanana na r, na alama za mwendo huachwa.

Diana Poulton na Basil Lam walipotoa tungo za udi za Dowland mwaka 1974, waliweka herufi za kale na noti pamoja katika ukurasa mmoja. Mimi nawasifu kwa hilo, ijapokuwa kitabu kimekuwa kinene, maana mpigaji asiyeridhika na noti huweza kuitazama herufi yenyewe papo hapo.