Kutafuta Mahekalu ya Kale Katika Nchi ya Kwapa

Habari zilizotufikia zilikuwa fupi: kwamba katika nchi ya Kwapa, pale mpaka wa Kenya na Uganda unapopita kati ya Malaba na Busia, upo ujia wa msituni unaomfikisha msafiri kwenye mahekalu ya kale ya Wahindu. Mwalimu mwenzetu alizisikia kwa wanafunzi wake, nao walizisikia kwa madereva wa malori wanaongoja zamu yao pale forodhani. Sisi tunaosomesha Kiswahili pande zote mbili za mpaka tuliona si haki kuziacha habari hizo ziingie sikio hili na kutokea lile. Zikiwa kweli, mengi tunayowaeleza watoto juu ya ujio wa Wahindi katika bara yangebidi kubadilishwa. Zikiwa si kweli, watoto hao wana haki ya kuelezwa ukweli ni upi. Basi tukafunga safari, watu watano, kwa miguu.

Kwapa ni gombolola katika Wilaya ya Tororo, na wakazi wake wengi ni Wateso. Ndugu zao wako ng'ambo, katika Kaunti ya Busia nchini Kenya, na wanaitana kwa majina yale yale na kuzikana katika misiba ile ile. Ifaa ikumbukwe kwamba mpaka huu si mkongwe. Hadi mwaka 1902 Jimbo la Mashariki la Uganda lilienea mpaka Naivasha. Mwaka huo Waingereza walilikata na kulitia katika himaya yao nyingine, ile ambayo baadaye ikawa Kenya. Mstari wenyewe, unaofuata mito ya Lwakhakha, Malaba na Sio, ulielezwa kwa maandishi ya sheria mwaka 1926. Kwa hiyo mzee aliyezaliwa ng'ambo, upande ulio Kenya leo, kabla ya mwaka 1902 aliweza kuhama serikali bila ya kuhama kitanda.

Msitu tulioahidiwa hatukuuona. Msitu mkubwa wa serikali katika sehemu hizo, West Bugwe, uko mbali zaidi, upande wa Busitema. Njia za Kwapa hupita katikati ya mashamba ya mihogo, mtama na wimbi, na hapa na pale hushuka katika vinamasi vya mafunjo. Tulitembea asubuhi nzima tukiuliza. Kila tuliyemwuliza alitutazama kwa huruma, kama tunavyomtazama mtoto aliyepotea sokoni. Hatimaye mzee mmoja, aliyekuwa ameketi na wenziwe kukizunguka chungu cha ajono, kila mmoja na mrija wake mrefu, alitucheka waziwazi. "Walimu," akasema, "la Wahindi liko mjini Tororo, nalo si la kale. La kale liko Kakapel, nalo si la Wahindi." Tulimshukuru, tukakaribishwa mrija, na tukaona kwamba mtu mmoja kwa maneno machache alikuwa ametupa mpango wa safari yote.

Tuanze na la mjini. Mji wa Tororo huonekana kabla ya kufikiwa, kwa sababu ya jabali lake. Jabali hilo husimama peke yake katika nchi tambarare, na kilele chake ni mita 1,483 juu ya usawa wa bahari. Ni masalio ya volkano iliyokufa zamani sana. Miamba laini iliyoizunguka ililika kwa mvua na upepo, ule moyo mgumu ukabaki. Mawe yake yana chokaa, lakini si chokaa ya makombe ya baharini kama ile ya mwambao: ni chokaa iliyopanda kutoka ndani ya ardhi ikiwa moto. Hiyo ndiyo iliyolisha kiwanda cha saruji kilichoanzishwa katika miaka ya 1950, na vilima jirani vya Sukulu vina akiba kubwa ya fosfeti. Wapandaji husaidiwa na ngazi mahali penye mteremko mkali. Tulipofika juu tuliuona Mlima Elgon upande wa kaskazini, na nyanda za Kenya upande wa mashariki, lakini hatukukaa, maana ngurumo zilikuwa zimeanza. Katika jambo hili Tororo haina mshindani wa karibu: katika miaka ya 1967 hadi 1976 zilihesabiwa huko, kwa wastani, siku 251 za ngurumo katika mwaka. Tulishuka upesi kuliko tulivyopanda.

Hekalu lipo mjini, chini ya kivuli cha jabali hilo. Mzee wa Kwapa alisema kweli: ni mtoto wa karne ya ishirini, sawa na mji wenyewe. Reli iliyotoka Nakuru na kupita Eldoret ilifika Tororo katika miaka ya 1920, ikaendelea hadi Kampala mwaka 1931. Nyuma ya reli yakaja maduka, vinu vya pamba, shule, na nyumba za ibada za kila dini.

Hapa hatuna budi kusahihisha kosa tunalolifanya sisi wenyewe madarasani. Aghalabu tunawaambia watoto kwamba Wahindi wa Afrika Mashariki ni wajukuu wa vibarua wa reli. Ni kweli kwamba kati ya 1896 na 1901 vibarua karibu 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kuijenga reli ya Mombasa hadi Ziwa Viktoria. Karibu 2,500 walikufa kazini, na wapatao 6,700 walibaki baada ya mikataba yao kwisha. Lakini wengi wa vibarua hao walitoka Panjabi, na walikuwamo Waislamu na Makalasinga wengi, ilhali wenye maduka wengi wa Uganda walitoka Gujarati, nao walijilipia nauli wenyewe. Zaidi ya hayo, kufika kwao pwani ni kwa zamani mno. Vasco da Gama alipotia nanga Malindi mwaka 1498 alizikuta merikebu nne za Wahindi. Wareno waliwaonyesha wageni hao sanamu ya Bikira Maria. Wao wakaiinamia, na Wareno wakashangilia kwamba wamewapata Wakristo wenzao. Lakini mwandishi wao mwenyewe aliandika kwamba watu wale walisema hawali nyama ya ng'ombe. Walikuwa Wahindu, walioheshimu picha ya mama na mtoto kama mtu muungwana anavyoheshimu kitu kitakatifu cha mwenyeji wake.

Lugha yetu imeyatunza mawasiliano hayo kuliko jengo lolote. Maneno gari, gunia, bima, laki, hundi, chapati na embe yote yana asili ya Kihindi. Ni vyema pia mwalimu atofautishe Mhindi, yaani mtu wa asili ya Bara Hindi, na Mhindu, yaani mfuasi wa dini; Mhindi aweza kuwa Mwislamu au Mkristo. Ama neno Baniani, limetokana na jina la tabaka la wafanyabiashara huko Gujarati, na Waswahili walilitumia kwa Wahindu wote. Sote tumesomesha methali isemayo "Baniani mbaya, kiatu chake dawa." Tumeisomesha kwa miaka mingi kama mfano wa tamathali, na tumewatahini watoto maana yake. Tukiwa tumevua viatu kwenye kizingiti cha hekalu la Tororo, mmoja wetu aliitaja kwa mzaha, na hakuna aliyecheka. Hatusemi ifutwe, methali ni mali ya historia, na historia haifutwi. Tunasema kwamba mwanafunzi aelezwe ilizaliwa wapi, katika uhusiano gani wa mkopo na deni, na kwamba aliyeitwa mbaya hakuulizwa.

Tunasema hivyo kwa sababu mji ule ule wa Tororo ulishuhudia mahali maneno ya namna hiyo yanapoweza kufika. Tarehe 4 Agosti 1972, Idi Amin, akiwahutubia askari katika kambi ya Tororo, alitangaza kwamba Waasia watatakiwa kuondoka Uganda. Alisema ameagizwa katika ndoto. Walipewa siku 90. Kufikia mwezi wa Novemba watu zaidi ya 50,000 walikuwa wamekwisha kuondoka, wengi wao waliozaliwa Uganda na wasioijua nchi nyingine. Karibu 28,000 walipokelewa Uingereza, na maelfu wengine Kanada na Bara Hindi. Wapo walioondoka kwa gari la moshi kutoka Kampala kwenda Mombasa kupanda meli, na reli hiyo hupita Tororo na Malaba. Wazazi wao walikuja na reli hiyo hiyo. Sheria ya kurudisha mali zilizonyang'anywa ilipitishwa mwaka 1982, lakini waliorudi, na hawakuwa wengi, walirudi hasa katika miaka ya 1990. Mtu anapoliita hekalu la Tororo "la kale," kwa hiyo, hakosei kabisa. Kwa kijana wa Uganda aliyekulia katika miji iliyoachwa wazi na wenyewe, nyumba ile ilikuwa kama magofu ya watu waliopita, ingawa ilikuwa haijatimiza hata miaka mia.

Siku ya tatu tulivuka mpaka, tukaenda Kakapel.

Kakapel ni pango la wazi chini ya mwamba mkubwa katika vilima vya Chelelemuk, upande wa Teso ya Kenya. Ukutani mwake mna michoro ya rangi nyekundu na nyeupe: duara ndani ya duara na maumbo mengine ambayo wataalamu huyahusisha na wawindaji wa kale wa jamii ya Watwa, na juu yake picha za ng'ombe zilizochorwa na watu waliokuja baadaye. Mwaka 2004 mahali hapo palitangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa. Yasikitisha kusema kwamba wageni waliwahi kuandika majina yao juu ya michoro hiyo, hata ikabidi wataalamu waletwe kuyafuta kwa subira kubwa. Mtu aliyejifunza kuandika ili aharibu maandishi ya mwenziwe, sisi walimu wake tuna swali la kujiuliza.

Lakini utajiri wa Kakapel hauko ukutani tu. Watafiti wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya pamoja na wenzao wa vyuo vikuu vya Marekani walichimba sakafu ya pango, wakaichekecha na kuiosha mchanga kwa mchanga ili kupata mbegu zilizoungua katika meko ya kale. Matokeo yalichapishwa mwaka 2024. Watu wamelitumia pango hilo kwa vipindi mbalimbali katika miaka 9,000. Kunde iliyopatikana hapo, ilipopimwa umri, ilionekana kuwa na miaka 2,300 hivi, nayo ni miongoni mwa ushahidi wa kwanza kabisa wa kilimo katika Afrika Mashariki. Juu yake, katika tabaka za miaka 1,000 iliyopita, yamo mtama na wimbi kwa wingi. Imo hata mbegu ya njegere, zao ambalo asili yake si Afrika ya Ikweta. Yaonekana lilishuka kutoka pande za kaskazini, mkono kwa mkono, miaka mingi kabla ya msafara wowote tunaoujua kwa jina.

Tuliposimama hapo tukikumbuka chungu cha ajono cha Kwapa, kilichopikwa kwa wimbi, ndipo mada yetu ilipogeuka. Wimbi ni nafaka ya kwetu. Mmea wake wa asili ni wa nyanda za juu za Uhabeshi na Uganda, nasi tulikuwa tumesimama katika ukingo wa nchi yake. Kutoka Afrika uliingia Bara Hindi tangu kale, kama vile mtama na kunde zilivyoingia, na huko kusini, katika jimbo la Karnataka, wimbi bado ni chakula cha kila siku. Wao huliita ragi. Tulikwenda kutafuta alama ya Wahindi wa kale katika mashamba ya Wateso, tukakuta kwamba shamba la Mteso lilikuwa limekwisha kutangulia Uhindini.

Kiswahili hakikuliandika hilo. Mahindi, nafaka iliyotoka bara la Amerika na kuletwa na Wareno, tumeyapa jina la Wahindi, kwa sababu mtu wa pwani aliona kila kigeni kizuri chatoka upande ule. Wimbi, lililosafiri kweli kwenda kwa Wahindi, halina katika jina lake dalili yoyote ya safari.

Tuliporudi madarasani tuliyaandika maneno hayo mawili ubaoni, moja juu ya lingine, tukawaeleza watoto tulichokiona. Mwanafunzi mmoja, ambaye bibi yake anaishi Kwapa, aliinua mkono akauliza kama Wahindi wa Tororo walipofungua maduka yao walijua kwamba wimbi lile waliloliona magunia kwa magunia sokoni ni lile lile la kwao. Hatukuwa na jibu. Tulimwambia aanze kwa bibi yake, amwulize nani alikuwa akinunua wimbi mjini kabla ya 1972, na aandike majibu yake kwa Kiswahili sanifu, kurasa mbili.