WhatsApp ikitoweka kwenye kioo haijafungwa: Njia za kuisimamisha kikamilifu

Watumiaji wengi wa simu janja na vishikwambi wanapotaka kufunga programu tumishi ya WhatsApp hubonyeza kitufe cha kurudi nyuma, au huitelezesha kwa kidole hadi itoweke kwenye kioo. Dakika chache baadaye mlio wa ujumbe mpya husikika. Hilo si hitilafu ya simu. Programu imeondoka machoni, lakini haijasimama.

Programu za mawasiliano zimeundwa kupokea ujumbe wakati wowote, hata simu ikiwa imewekwa mezani. Ili chaji isiishe haraka, mfumo wa simu hudumisha muunganisho mmoja na seva za Google au Apple, na ujumbe unapoingia huiarifu programu inayohusika. Kwa sababu hiyo, mtumiaji anapaswa kwanza kujua anataka kusimamisha nini: milio, matumizi ya kifurushi cha intaneti, au uwezo wa mtu mwingine kusoma mazungumzo yake. Kila hitaji lina njia yake.

Simu za Android

Mtumiaji hufungua Mipangilio, huingia sehemu ya programu, huchagua WhatsApp, kisha hubonyeza kitufe cha kuilazimisha isimame. Maneno ya kitufe hicho hutofautiana kati ya simu na simu. Baada ya hapo ujumbe mpya hauingii na simu za WhatsApp haziiti, hadi mwenyewe aifungue tena programu. Ujumbe uliotumwa katika kipindi hicho huhifadhiwa kwenye seva za WhatsApp kwa muda usiozidi siku 30, na aliyeutuma huona tiki moja tu.

Anayelenga kuokoa kifurushi halazimiki kufika huko. Katika ukurasa huohuo ipo sehemu ya matumizi ya data, ambamo data ya chinichini inaweza kuzuiwa. Aidha, ndani ya WhatsApp kwenyewe anaweza kuzima upakuaji wa picha na video unaojiendesha, ambao hula kifurushi zaidi kuliko maandishi.

Simu za iPhone

Simu hizi hazina kitufe cha aina hiyo. Kuitelezesha programu juu huifunga, lakini arifa huendelea kuingia. Anayetaka utulivu huzima arifa za WhatsApp katika mipangilio ya simu, na anayetaka kuokoa kifurushi huizuia kutumia data ya mtandao wa simu. Apple yenyewe hushauri programu ifungwe kwa kutelezeshwa pale tu inapokwama.

Kompyuta ya steshenari

Hatari kubwa zaidi haimo ndani ya simu. Akaunti moja ya WhatsApp inaweza kuunganishwa na vifaa vingine hadi 4, na vifaa hivyo hufanya kazi hata simu yenyewe ikiwa imezimwa. Mwananchi anayefungua WhatsApp kwenye kompyuta ya steshenari ili achapishe barua au nakala ya cheti, kisha akafunga dirisha la kivinjari na kuondoka, huacha mazungumzo yake mikononi mwa atakayeketi hapo baada yake. Kuzima simu au kuilazimisha programu isimame hakuondoi muunganisho huo. Vifaa vilivyounganishwa hutolewa vyenyewe endapo simu kuu haijatumia WhatsApp kwa siku 14, kikomo ambacho mtu anayeitumia kila siku hakifikii.

Njia sahihi ni kufungua WhatsApp kwenye simu, kuingia sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, kuchagua kifaa kisichotakiwa na kukitoa. Hatua hiyo hufanyika popote alipo mtumiaji, bila kurudi steshenari. Hata hivyo, faili lililokwisha kupakuliwa hubaki kwenye kompyuta, hivyo ni vyema lifutwe kabla ya kuondoka.

Kabla ya kuuza au kugawa simu

Kuiondoa programu kwenye simu hakufuti akaunti. Namba inaposajiliwa kwenye simu mpya, akaunti hutoka katika simu ya zamani, lakini picha na mazungumzo yaliyohifadhiwa humo yanaweza kubaki. Anayeuza simu anashauriwa kuhifadhi nakala ya taarifa zake, kisha kuirejesha simu katika hali ya kiwandani. Kufuta akaunti ni hatua tofauti: humwondoa mtumiaji katika makundi yake yote, na humfaa tu asiyekusudia kuendelea kuitumia.

Orodha ya vifaa vilivyounganishwa hukaguliwa kwa chini ya dakika moja. Kifaa ambacho mwenye akaunti hakitambui kinapaswa kutolewa mara moja.