Kura Moja ya Chake Chake

Januari 1961, visiwa vya Zanzibar, Unguja na Pemba, vilipiga kura kujaza viti 22 vya Baraza la Kutunga Sheria. Kura za jimbo la Chake Chake, Pemba, zilipohesabiwa, Afro-Shirazi Party (ASP) ilikuwa mbele kwa kura moja tu. Kura hiyo iliipa kiti cha 10. Zanzibar Nationalist Party (ZNP), ambayo wengi waliiita Hizbu, ilipata 9, na Zanzibar and Pemba People's Party (ZPPP) ya Muhammad Shamte, iliyomeguka kutoka ASP mwishoni mwa 1959, ikaambulia 3.

Nchi ya watu laki tatu hivi ikawa inawasubiri watu watatu hao wa ZPPP. Wawili, Shamte mwenyewe akiwa mmoja wao, wakaenda na Hizbu. Wa tatu, Ali Sharif, akaelemea ASP. Hesabu ikawa 11 kwa 11, serikali haikuundika. Waingereza, waliokuwa watawala, wakaongeza jimbo moja ili sare isijirudie, na Juni watu wakaitwa tena vituoni.

Wageni waliona hayo kama mchezo wa hesabu. Wenyeji walikuwa wanaishi nayo mitaani. Mwaka 1958 chama kilikuwa kimeshaingia hadi msibani: wapo waliosusia kuzika jirani kwa sababu ya kadi yake. Watu walichagua duka la kununulia unga na basi la kupanda kwa kuangalia mwenyewe ni wa chama gani, na baadhi ya wenye mashamba ya mikarafuu waliwafukuza wakulima waliojulikana kuwa ASP. Kisiwani, kura ya siri si siri sana.

Ndiyo maana Juni 1961 tuhuma za kupiga kura mara mbili, zilizoanzia kwenye foleni za mjini, ziliwaka haraka vile. Watu 68 walikufa katika ghasia hizo. Matokeo: ASP 10, Hizbu 10, ZPPP 3, na safari hii watatu hawakugawanyika. Shamte, kiongozi wa chama kidogo kuliko vyote, akawa mkuu wa serikali. Hizbu ilimhitaji: bila Wapemba wake isingetawala.

Uchaguzi wa Julai 1963 ulikuwa na viti 31. ASP ilipata takriban asilimia 54 ya kura na viti 13. Hizbu 12, ZPPP 6. Wengi walidai wizi. Mimi naona ramani ya majimbo inatosha kueleza sehemu kubwa: ASP ilirundika kura nyingi mno katika mtaa wa Ng'ambo mjini na mashamba ya Unguja, wakati washirika wale wawili, waliokwisha kukubaliana nani asimame wapi, walishinda kwa tofauti ndogo katika majimbo mengi, hasa Pemba. Lakini jaribu kumweleza hayo mtu ambaye chama chake kimepata kura nyingi zaidi na bado kiko upinzani.

Shamte alipokea uhuru tarehe 10 Desemba 1963 akiwa Waziri Mkuu. Usiku wa kuamkia 12 Januari 1964 serikali yake ikapinduliwa. ASP ikashika madaraka na kubaki chama pekee visiwani, hadi ilipoungana na TANU ya Tanzania Bara mwaka 1977 kuunda CCM. Vyama vingi havikuruhusiwa tena mpaka 1992.