Mabaki ya Mshumaa Si Takataka

(Muziki unaingia, kisha unashuka.)

MTANGAZAJI: 

Tarehe 17 Januari 2002, moto wa Nyiragongo uliingia Goma, na watu kwa malaki wakavuka mpaka hadi Gisenyi. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021 wengi walivuka tena. Anayekimbia hubeba mtoto, godoro na sufuria. Taa huikumbuka giza likishaingia.

Ndiyo maana leo tunazungumza juu ya kile kipande cha nta kinachobaki mshumaa ukizimika. Usikitupe. Watu wa zamani hawakukitupa.

Misheni ya Nyundo, karibu na Gisenyi, ilifunguliwa mwaka 1901. Siku hizo mshumaa wa misa ulitakiwa uwe wa nta ya nyuki, yote au sehemu kubwa. Nta hiyo ilikuwa mali. Wanyamwezi wa Tabora walirina asali, na nta yake ikasafirishwa hadi pwani na kuuzwa ng'ambo. Huko Ulaya, katika nyumba za matajiri, vipande vya mishumaa vilikuwa haki ya watumishi, walivikusanya wakaviuza. Maskini waliwasha mishumaa ya mafuta ya wanyama, yenye moshi na harufu mbaya.

Mwaka 1850, James Young wa Scotland alipata hati ya uvumbuzi wa kutoa parafini kwenye makaa ya mawe. Baadaye nta ya parafini ikashusha bei, na mishumaa mingi ya dukani leo ni ya nta hiyo.

Kwa nini nta hubaki? Utambi hunyonya nta iliyoyeyuka, na moto hula mvuke wake. Utambi ukiisha, au upepo ukipiga upande mmoja, nta hubaki ikiwa nzima. Inahitaji utambi mwingine tu.

Fanya hivi, nje ya hema, watoto wakiwa mbali. Tia vipande ndani ya kopo safi. Weka kopo ndani ya sufuria yenye maji kidogo, kisha sufuria juu ya moto mdogo. Usiweke kopo moja kwa moja motoni, maana nta ikizidi joto huwaka. Ikiwaka, usimwagie maji kamwe: ondoa moto, funika kwa kifuniko. Utambi uwe uzi wa pamba, nailoni huyeyuka. Usimamishe katikati ya kopo jingine, mimina nta polepole, acha igande.

Washa mshumaa huo mahali tambarare, mbali na turubai na nguo, na pale tu kambi yako inaporuhusu. Vipande vya wiki nzima vinaweza kumpa mwanao jioni moja ya kusoma. Akimaliza, zima kabla hujalala.

Tukutane kipindi kijacho.

(Muziki unapanda.)